Sauti ya Tatu Kutoka Bibokoboko

Wadogo zangu wa chumba cha seva, siku mliyoniaga, kati ya soda na hotuba, mmoja wenu aliniuliza kwa nini nilikuwa mkali vile kwa ajili ya kale kamashine ka rafu ya chini. Mnajua ninayosema. Tuna seva mbili kubwa. Katikati yao kuna stoo moja ya diski ambayo zote mbili zinaiona, na humo ndimo yanakaa mafaili ya wagonjwa wa vituo vyetu vyote, toka huku ziwani mpaka Lulimba. Pembeni kuna hako kadogo. Hakahifadhi kitu, hakafungui faili la mtu. Mlitaka kukapeleka kwa mhasibu. Nilikataa, mkacheka, mkasema mama amezeeka.

Nimezeeka kweli, magoti yangu yanajua. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu hiyo sikuisoma katika kitabu chochote cha seva. Niliipata hapa Baraka, wakati wa vita ya pili ya Kongo, kabla sijaona kompyuta hata kwa picha. Basi niwaandikie. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, hayo hayakumfundisha mtu kitu.

Biro, yaani ofisi, ya afya ya kanisa ilinichukua kwa kazi ya phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Simu za mfukoni hazikuwepo, na barabara ilikuwa ya mwenye bunduki. Kila kituo cha afya kilichotaka dawa, kilichotaka kujua kama mahali fulani bado kuna watu, kilikuja kwetu kwa sauti. Posti yetu ilikuwa chumba kimoja katika uwanja wa Papa Wilondja, mzee mfupi mwenye masikio makubwa ambayo yeye mwenyewe aliyachekelea. Alisema Mungu alimwumba akiwa amefikiria phonie tayari.

Siku ya kwanza nilivaa kitambaa changu kizuri nikidhani nitaongea. Papa Wilondja alinipa kiti, akaniambia nisiguse kitu. Nilikaa asubuhi nzima nikisikia watu wakikohoa na kusalimiana. Mchana nilipomwuliza kazi inaanza lini, alinijibu kwa upole wake.

“Feza, hii ndiyo kazi. Kwanza ujue kila muntu anapumua namna gani. Siku atanyamaza, utajua kama amenyamaza tu, ao kama amekufa.”

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Phonie yenyewe, batri ya lori, kipande cha sola kilichopasuka kona moja, na waya wa antena uliovutwa juu ya miti miwili mirefu ya mikaratusi, iliyokatwa na kuchimbiwa uwanjani. Wanajeshi wa upande wowote wakisikika wanakuja, tulichomoa phonie upesi na kuizika ndani ya gunia la muhogo mkavu. Chombo changu cha kwanza cha kisasa kilinuka ugali, na nilikipenda.

Sasa sikieni mpango ulivyokuwa, maana ni ule ule wa kwenu. Posti ya Baraka ndiyo iliyoongoza. Posti ya Fizi, kule vilimani, ilikuwa ya kungoja. Ilisikia kila tulichosema, ilijua kila tulichotoa, ili siku Baraka ikianguka, kazi isisimame. Dawa hazikukaa kwetu wala kwao. Zilikaa katika depo ya kijiji kimoja cha wavuvi, si mbali na Baraka, pamoja na mtumbwi wetu mmoja wa moteri. Depo ilikuwa na redio ya kusikia tu, haikuweza kujibu. Mlinzi wake, Diakoni Etabo, alikuwa na ufunguo mmoja na kanuni moja: afungue kwa sauti ya posti inayoongoza. Baraka ikinyamaza kabisa kwa siku nzima, Fizi inachukua uongozi na depo inamsikiliza Fizi.

Tulijuaje mwenzetu yuko hai? Kwa salamu. Kila asubuhi, kabla ya habari ya dawa, watu waliitana. Umeamukaje, batoto wameamukaje, mvua ilinyesha? Wakubwa wetu wa Bukavu walisema tunamaliza batri kwa maneno ya jikoni. Hawakuelewa kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mapigo ya moyo. Nyinyi leo seva zenu zinasalimiana kwa waya kila wakati, na hakuna anayeziambia zinapiga domo.

Sauti ya Fizi alikuwa Mama Ebinda, mjane, sauti nzito, mcha Mungu. Alinipenda kabla hajaniona. Alinifundisha hewani namna ya kupika ndakala, dagaa wa ziwa letu, bila kuzivunja, na Papa Wilondja alikuna kichwa akiangalia batri.

Halafu kulikuwa na posti ya tatu, Bibokoboko, kule juu kwenye ng’ombe na baridi. Iliwekwa kabla ya vita, wakati ambapo hakuna aliyeuliza nani anaishi wapi. Aliyekaa pale alikuwa kijana aliyeitwa Zakayo, Munyamulenge, mtu wa wale wafugaji wa mlimani, muuguzi wa zahanati, mtu wa sauti ndogo na adabu nyingi. Hakuongoza kitu. Hakuwa na depo wala mtumbwi. Ila kwa sababu ya urefu wa mahali pake, alitusikia sote hata siku ambazo sisi wenyewe hatukusikiana.

Mama Ebinda hakumsalimu. Mtoto wake wa kiume aliuawa katika vita ya kwanza na wapiganaji walioshuka kutoka mlimani, na kwake yeye watu wote wa mlimani walikuwa mkono mmoja. Asubuhi aliita Baraka, akaita kituo cha afya cha Lulimba, kilichosikika kwake tu, akaruka Bibokoboko kama mtu anayeruka dimbwi. Zakayo naye alikuwa amezika kaka yake, aliyeuawa na watu waliopanda kutoka ziwani, lakini hilo hatukulijua wakati ule, kwa sababu hatukumwuliza. Kila siku Mama Ebinda akishamruka, yeye alisema kwa taratibu, “Bibokoboko iko, tunawasalimu wote,” akafunga. Nilikuwa nasikia haya, nikiangalia meza.

Watu wengi wa Baraka walitaka posti ile iondolewe. Walisema tunampa adui masikio. Papa Wilondja alikataa, akaitwa majina. Aliwajibu kwamba tukimwondoa Zakayo tutabaki wawili, na wawili wakikosana hakuna wa kusema nani ana haki. Mtu aliye pembeni, asiye na stoo ya kutamani, ndiye anayefaa kuulizwa. Alisema hivyo mara moja, hakurudia.

Papa Wilondja akafa. Maralia ilimpanda kichwani, akaenda alfajiri, mapema kuliko salamu. Nilipofika kazini nilikuta uwanja umejaa. Mnajua kwetu kilio kinavyoanza: wanawake wanakuja na mikeka, vijana wanatafuta miti ya kusimamisha bashi, yaani turubai, ili watu wapate kivuli. Na katika uwanja ule, miti mirefu iliyonyooka ilikuwa ipi? Ile miwili ya antena. Ilikuwa imeshang’olewa, bashi imeshafungwa, na chini yake mjane amekaa chini, miguu imenyooshwa, hana sauti tena. Waya ulikuwa umezungushwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Nani angemwambia mjane ainuke tuchukue miti? Hata leo simwoni mtu huyo. Tulilia siku ile, tukaimba, tukamzika siku iliyofuata. Phonie ilikuwa chumbani, nzima, na batri imejaa, na haikusema neno.

Kule Fizi, Mama Ebinda aliita. Aliita asubuhi, mchana, jioni. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba kuna wapiganaji wanashuka kuelekea ziwani, na mara nyingi tulikuwa tumesikia posti zilizokamatwa zikisemeshwa na watu wengine. Siku ikapita. Alifanya kama kanuni ilivyotaka: alitangaza kwamba Baraka imeanguka, Fizi inaongoza, na serumu zote za depo, zile chupa za dripu, zisubiri wapagazi wake, wazipandishe upande wa Lulimba ambako watu walikuwa wakikimbilia. Hakukosea hata kidogo. Alikuwa akilia huku akitangaza, alinieleza baadaye, maana alifikiri tumeuawa.

Jioni ya mazishi mtumbwi wa kasia ulifika kutoka Ubwari, ile rasi ng’ambo ya ghuba. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katika kijiji alikoolewa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, Riziki. Zahanati yao ilimaliza serumu jana yake. Mleta habari alisema yaya yangu alikuwa miongoni mwa waliolala chini, na kwamba macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nilikuwa nimetoka kumzika mwalimu wangu, na bado sikuwa nimeosha mikono.

Kilio hakiishi na mazishi, kwa hiyo bashi ilibaki, na miti nayo. Nilichukua waya, nikaufunga ukutani, upande mwingine kwenye paa la choo. Antena ya chini namna ile haifiki mbali. Niliwasha, nikaagiza depo: mtumbwi wa moteri upakie serumu, uende Ubwari asubuhi mapema. Niliita Fizi, nikapata mluzi wa hewa tu.

Asubuhi, badala ya moteri kwenda, mwenye moteri alikuja kwangu kwa baiskeli. Alisema Diakoni Etabo amesikia sauti mbili. Fizi inasema serumu zingoje wapagazi, Baraka inasema zipande mtumbwi. Fizi ilishasema Baraka imekufa, na sasa maiti inaagiza serumu. Kwa hiyo Diakoni amefunga mlango, ameweka kiti mbele yake, amekaa juu yake na Biblia, na hatoi hata kwa Papa wa Roma. Nilimtukana moyoni kwa matusi ambayo sikujua ninayajua.

Lakini Diakoni alikuwa na akili. Fikirieni angemsikiliza kila mmoja nusu. Nusu ya serumu upande wa Lulimba, nusu Ubwari, na huku mimi naahidi watu dawa ambazo Mama Ebinda ameshazitoa, yeye anaahidi ambazo mimi nimeshazitoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa seva mbili zinapopoteza waya wa salamu. Kila moja inaamini mwenzake amekufa, kila moja inasema stoo ni yangu, zinaandika pamoja kwenye diski ile ile, na mkija asubuhi hakuna faili zima. Stoo yenye heshima inakubali bwana mmoja. Ikiwa na shaka, inafunga. Nilikuja kulielewa hilo baada ya miaka mingi, mbele ya darasa la watu wenye vishikwambi, nikacheka peke yangu. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba yaya yangu anakauka.

Nilirudi kwenye phonie, nikaita. Aliyejibu alikuwa Zakayo.

Alinisikia vibaya, lakini alinisikia. Hakufurahi upesi. Aliniuliza kwa adabu ile ile: kama kweli huyu ni Baraka, kwa nini mlinyamaza? Nikamwambia Papa Wilondja amekufa. Nikamwambia watu walichukua miti ya antena kusimamisha bashi ya kilio. Kisha akasema polepole, “Pole, Feza. Papa alikuwa ananisalimu kila siku.” Nami nikalia upya.

Kuanzia hapo nilisikia upande mmoja tu wa maneno. Zakayo aliita Fizi. Fizi sikuisikia hata kidogo, kwa hiyo kila Mama Ebinda aliposema, kwangu ilikuwa mluzi, na mimi nilingoja mluzi uishe nisikie Zakayo anajibu nini. Alimwambia Baraka iko hai. Mluzi. Alimwambia hapana mama, hapana askari karibu yangu, niko peke yangu na mke wangu na mtoto. Mluzi mrefu sana. Baadaye Mama Ebinda aliniambia mwenyewe alichokuwa akisema ndani ya mluzi ule. Alimwambia yote, jina la mtoto wake na siku yake na shati alilokuwa amevaa. Alimwuliza kwa nini amwamini mtu wa mlimani kwa habari ya kifo, wakati kifo kilimjia kutoka mlimani.

Zakayo alingoja mpaka alipomaliza. Hakujitetea, wala hakumtaja kaka yake.

“Mama,” alisema, “mi siombe unipende. Naomba tu unisikie. Minabasikia nyinyi bote mbili. Baraka iko. Papa Wilondja amekufa, na batu bametwaa miti ya antena, banasimamisha nayo bashi ya kilio. Ile ndiyo ilifanya banyamaze.”

Mluzi haukurudi. Kule Fizi hakuna aliyebonyeza kitufe. Niliwaza moteri iliyolala pale majini, na Diakoni kwenye kiti chake, na Riziki kwenye mkeka. Vyote hivyo vilimngoja mjane mmoja aamue kama atamwamini kijana ambaye hajawahi kumpa salamu.

Kisha Zakayo akaita tena, na safari hii aliniita mimi. “Baraka, Fizi anasema amekuachia funguo. Amewaambia depo bakusikie we peke yako. Bien reçu?”

Nilisema bien reçu, nimekusikia vizuri, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akaongeza, “Anauliza Papa atafanyiwa matanga lini, atume unga.”

Miezi ilipita kabla sijapata nafasi ya kumwuliza Mama Ebinda kilichomgeuza. Alisema ni bashi. Mtoto wake alipokufa, watu wa Fizi walifanya vilevile, walitwaa miti ya antena yake yeye, na posti yake ikanyamaza mpaka matanga. Mtu aliyekamata phonie kwa bunduki, alisema, angetunga habari ya vita. Asingejua kutunga habari ya bashi.

Serumu zilivuka ghuba asubuhi ile. Si wote walipona Ubwari, na sitasema kwamba walipona. Riziki alipona. Bado yuko, na bado ananiamuru kama mtoto.

Asubuhi ya kwanza baada ya miti ya antena yetu kurudi mahali pake, Mama Ebinda alifungua phonie, na kabla ya kuita Baraka, kabla ya Lulimba, akaita Bibokoboko. Alimwuliza mtoto ameamukaje. Zakayo hakuwa tayari, alikohoa, akasema mtoto ana jino jipya. Na tangu hapo nilianza kuwa na wivu, maana sasa maelezo ya ndakala alipewa yeye, mtu ambaye kule juu hana hata samaki.

Tulibadilisha kanuni yetu. Posti ikipoteza salamu za mwenzake, isichukue uongozi kabla ya kumwuliza wa tatu. Anayekubaliwa na wa tatu anaendelea, anayebaki peke yake anaweka kipaza sauti chini, hata kama anajiona ana haki. Kwa hiyo mkipata siku moja sababu ya kuondoa kale ka rafu ya chini, ambako ndiko Zakayo wenu, njooni kwanza kwangu mnywe chai.

Vita haikuisha kwa sababu sisi tulipatana. Msimu mmoja wa kiangazi Bibokoboko ilinyamaza. Tulisikia kwamba watu wa kule walikimbia na ng’ombe waliobaki, hakuna aliyejua wapi. Wakubwa waliagiza posti ile ifutwe kwenye mpango, tuhifadhi batri. Mimi nilitii. Mama Ebinda hakutii. Kila asubuhi alianza naye, akaita, akangoja kiasi cha mtu kufika kwenye chombo kama alikuwa nje na ng’ombe, kisha akaendelea na sisi. Nilimwomba aache, nikimwonea huruma. Alinijibu kwamba batri ikitaka kufa ife, yeye anamsalimu mtoto wa watu.

Barabara zilipoanza kufunguka kidogo nilipanda Fizi kutengeneza phonie yake, na ndipo nilipomwona kwa macho mara ya kwanza: mama mdogo wa umbo, na mimi nilikuwa nimemchora mkubwa. Nilikuwa sakafuni na bisibisi. Yeye alikuwa uani, ameipa njia mgongo, anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Mtu alisimama nje ya uzio. Mrefu, mwembamba, kofia mkononi, fimbo ya ng’ombe, viatu vimekwisha. Hakubisha hodi. Alisafisha koo, akasema kwa sauti ndogo ambayo ningeitambua hata kaburini, “Fizi, Fizi, huyu ni Bibokoboko.”

Mchi ulisimama hewani. Mama Ebinda hakugeuka. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyesikia mluzi umeisha.

“Bibokoboko,” alisema, bado akiangalia kinu, “umechelewa na salamu.”

“Nimechelewa, mama. Batri ilibaki njiani.”

Hapo ndipo alipogeuka, akamwangalia toka viatu mpaka kichwa. Alijifuta mikono kwenye kitenge, mara mbili tatu, ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akamsogezea kigoda chake mwenyewe.

“Ikala, mutoto wangu,” alisema. “Sombe ingali mbichi.”